Kadi ya Mjomba

Pesa ya korosho ilipoingia, Nuhu na mkewe Farida walivutana wiki nzima juu ya bima ya afya. Kadi ya bei nafuu ilimhudumia yeyote anayekula nao chungu kimoja, ila kwa hospitali za mkoa tu, na dawa nyingine ungeambiwa ukanunue nje. Kadi ya bei mbaya ilifika hadi kwa mabingwa wa Dar es Salaam, nayo ilikuwa ya mume, mke na watoto.

"Ya bei nafuu inatutosha," Farida alisema. "Hiyo nyingine itakula hata hela ya kupulizia mikorosho."

"Na Riziki je?"

Hapo Farida alikubali ya bei mbaya. Riziki, binti wa miaka tisa wanayemlea, ana selimundu, na maumivu ya mifupa yakimpanda nyumba nzima hailali. Ni mtoto wa Halima, dada yake Nuhu. Wao wenyewe hawajajaliwa. Kwao Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Baba anaheshimiwa, basi. Kwa hiyo wakala wa bima alipouliza ana watoto wangapi, Nuhu hakumung'unya maneno.

"Mmoja. Riziki."

Wala hakudanganya. Hata angeshikishwa msahafu angejibu vilevile.

Masika yalipoanza, maumivu yakampanda mtoto. Nuhu alimpakia kwenye bajaji kutoka nyumbani hadi hospitali ya binafsi, ile yenye viyoyozi, akaingia kifua mbele na kadi yake mkononi.

Dada wa mapokezi alitaka kumchangamsha mgonjwa. "Umekuja na baba?"

"Baba yuko Newala," Riziki alijibu kwa majivuno, pamoja na maumivu yake. "Huyu ni mjomba wangu!"

Hivyo ndivyo alivyofundishwa kulitamka neno hilo, na mwalimu wake alikuwa Nuhu mwenyewe.

Yule dada aliacha kubonyeza kompyuta. "Mzee wangu, kadi hii ni ya mzazi na watoto wake wa kuzaa. Wewe ni nani wake?"

Nuhu aliitazama kadi, akamtazama mtoto aliyejikunja kwenye benchi. Aibu ilimshika mpaka masikio yakapata moto.

"Baba," alisema.

Riziki, ambaye njia nzima hakutoa chozi, akaanza kulia.

"Mjomba, nimekukosea nini?"