Mimea ya Kilimani

Kaka yake alipopiga simu, mbunifu wa bustani alidhani kuna msiba. Tangu wagombanie nyumba ya marehemu mama yao, walikuwa wakisalimiana kwenye harusi na mazishi tu, tena kwa ncha za vidole.

"Mdogo wangu," alisema kaka, ambaye siku hizi alikuwa mkandarasi mwenye kitambi na heshima zake, "najenga nyumba za kuuza. Wateja hawataki tena waridi za kuletwa. Wanataka mimea ya asili, ya hapa hapa. Nani anaijua kukushinda wewe?"

Mumewe alicheka alipomsikia akiimba jikoni. "Ndugu wakipatana, chukua kapu ukavune," alimtania.

Alichora akiwa ametandaza karatasi juu ya meza ya kulia. Shubiri mwitu zikae juani, kandokando ya njia. Kivumbasi kiwe chini ya madirisha, upepo ukivuma harufu iingie ndani. Mikunazi ikae ukutani, ndege wapate chao. Miche ya namna hiyo haiuzwi popote, lakini alijua pa kuipata: kilima cha nyuma ya shule yao ya msingi, walikokuwa wakitumwa kuni. Kaka alikuwa akipanda mikunazi kama tumbili, yeye akidaka matunda kwa sketi.

Basi akaenda na magunia yake na sepetu. Aliposhuka garini alidhani amepotea njia. Kilima kilikuwa kimechongwa kikawa tambarare. Tingatinga lilikuwa likisukuma visiki, mizizi ikitazama juu, na lundo la matawi lilikuwa likifuka moshi. Kaka yake alimjia mbio, kofia ngumu kichwani.

"Umewahi mno! Bustani bado hatujafika."

"Kaka, hapa si kilimani?"

"Ndipo. Si nilikwambia ya hapa hapa?"

"Mikunazi iko wapi? Ule uliokuvunja mkono?"

"Vilikuwa vichaka tu, mdogo wangu. Utapanda mingine."

"Niitoe wapi?"

"Aa, mtaalamu ni wewe!" Akampigapiga begani, akarudi kwa mafundi wake.

Moyo ulimwambia aondoke. Lakini mtaroni aliona shubiri zilizong'olewa, bado mbichi, na kivumbasi chenye mbegu. Akiziacha, kesho zitafukiwa. Akapiga magoti, akazifukua kwa mikono, machozi na makamasi vikimtoka pamoja. Mkunazi hakupata hata mmoja.

Siku ya kufungua nyumba, kila kitu alichopanda kilikuwa kimeshika na kuchanua. Kaka alimkumbatia mbele ya wageni. "Dada yangu huyu ameturudishia asili yetu!" Wakapiga makofi.

Mama mmoja mnunuzi alikunja uso. "Hiki kinachonukia mbona kinaleta nyuki?"

"Tutaking'oa, mama, usiwe na wasiwasi," kaka alijibu upesi, mkono wake ungali begani kwa dada yake.

Aliuondoa mkono ule taratibu, kama mtu anayetoa mdudu, akatoka getini bila kuaga. Kaka alimwita mara moja tu, kisha akaendelea kuwatembeza wageni.

Nyumbani mumewe alimuuliza bustani imetokaje.

"Imependeza," alisema, akainama kuvua viatu asionekane uso. Lililomkereketa zaidi ni kwamba hakuwa akidanganya.