Mikono Iliyozoea Jembe

Mwalimu Amoni alinipa mipira mitatu. Mmoja tu ukivuka mto, naenda Mbeya kwenye mashindano ya wanawake. Isipovuka, nabaki na kazi yangu ya kufyeka nyasi za uwanja huu huu wa gofu. Nilitaka kwenda, jamani. Wiki nzima nilikuwa sina usingizi.

Mpigo wa kwanza, fimbo ilichimba udongo. Mpira ukajikongoja hatua mbili.

"Mama Atupele, unalima!" alifoka mwalimu. "Wakati wa kushusha fimbo, mikono isitangulie. Anza na kiuno, mikono ishuke yenyewe."

Ishuke yenyewe! Mtu amekulia kwenye kahawa ya Mbozi, ameshika jembe tangu ana miaka sita, leo mikono ishuke yenyewe? Kwetu jembe ukilinyanyua unalishusha kwa nguvu zako zote, la sivyo mama anakuuliza kama unaipapasa ardhi. Mazoea yana taabu. Mpira wa pili ulizama mtoni.

Nikaitupa fimbo. Nikachukua fyekeo langu, nikayavamia majani marefu ya kando. Bora kazi ninayoijua. Wenzangu wanne waliokuwa wakisubiri zamu walicheka, nami sikuwajali.

Hasira hasara, wanasema, lakini siku ile hapana. Kwenye pigo la kumi hivi nilishtuka. Kiuno changu kilikuwa kinageuka kwanza. Mikono imelegea, inafuata tu nyuma, na majani yanalala. Miaka minane nafyeka, sijawahi kujitazama.

Nikarudi mbio. "Mwalimu, nimebakiza mmoja."

"Umetupa fimbo yangu, mama."

"Nisamehe, mwalimu. Lakini nimebakiza mmoja."

Aliiokota fimbo akanipa, kisha akauweka mpira kwenye nyasi kwa mkono wake.

Nilinyanyua fimbo nikiwa naogopa kweli. Nikageuza kiuno kama niko kwenye majani, mikono nikaiachia. Safari hii udongo haukuguswa. Mpira ulipaa juu ya mto, ukatua ng'ambo kwenye nyasi nilizozifyeka mwenyewe Jumatatu.

Nililia mbele za watu. Mwalimu aliandika jina langu, akawageukia wenzangu. Kila mmoja alikuwa ameikaba fimbo yake kama anaingia shambani.

"Kesho uje na fyekeo lako," aliniambia. "Hawa wote wanalima."