Goli la Jezi Namba Tisa

Kila Ijumaa baada ya sala, sebule yangu hapa Al Twar, Dubai, inageuka ofisi ya wanaume watatu wanaoandika historia ya Chaki, timu ya mpira ya chuo cha ualimu kule Unguja. Wameanza mwanzoni mwa 2014, sasa ni mwezi wa tatu na hawajavuka ukurasa wa pili. Kinachokwenda haraka ni biriani yangu.

Mwalimu Himid, nahodha wa zamani, ndiye anayeandika. Mume wangu Taib ndiye shujaa, maana goli la fainali ya 1991 lilifungwa na jezi namba tisa, na namba tisa alikuwa Taib. Wa tatu ni Swaibu, fundi magari wa Ras Al Khor, mtu wa Mombasa ambaye chuo hakusoma. Huja, hula, hulalamikia chumvi. Sikuwahi kuelewa anafuata nini.

Goli lenyewe naliona hadi leo. Nilikuwa msichana wa skuli, nimekaa na wenzangu upande wa pili wa uwanja. Sura ya mfungaji sikuiona vizuri, ila mbio zake zilinimaliza. Posa ya Taib ilipoletwa mwaka uliofuata nilimuuliza mama, "Ni yule Taib wa Chaki, aliyefunga?" Akasema ndiye. Sikuuliza la pili.

Ijumaa iliyopita Himid akasoma kwa sauti: goli lilifungwa na Taib. Swaibu akaisukuma sahani.

"Safari hii andikeni jina langu," akasema. "Mwezi ujao naenda zangu, kafeel, mdhamini wangu, hataki kuniongezea viza. Miaka yote nimenyamaza, lakini hicho kitabu watasoma wajukuu zangu."

"Jina lako kwa lipi?" nikauliza.

Wakatazamana kama watoto walioiba sukari. Ikabidi Himid aeleze, na kila neno nililing'oa kama jino bovu. Timu yao ilichezesha mamluki: mchezaji wa mtaani anapewa jina la mwanachuo, anaingia uwanjani. Siku zile Swaibu alikuwa na gereji mjini Unguja. Alicheza fainali kwa jina la Taib.

"Jina la Taib, basi na goli la Taib. Khalas," Himid akamaliza. "Tukiandika mamluki, kombe lote litaonekana la wizi."

"Na miguu ilikuwa ya nani?" Swaibu akauliza.

Roho ilinipanda juu. Nimewapikia watu hawa mpaka vidole vinanuka bizari, na wote watatu walijua. Nikamgeukia mume wangu.

"Baba Muna, wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Stoo ya chuo. Walinifungia na mipira mibovu, refa asije akaona Taib wawili."

"Mpaka mechi ikaisha?"

"Mpaka waliponikumbuka."

Nikafikiria harusi zote alikolisimulia goli hilo: soksi ya kushoto imeshuka, beki anateleza, mpira unagonga mwamba, unaingia, unapita kwenye tundu la wavu mpaka beseni la muuza njugu. Hata binti yetu Muna analijua kwa moyo.

"Sasa goli umelijuaje, na wewe ulikuwa stoo?"

Taib akatazama zulia. "Ulinisimulia wewe, wiki ya harusi yetu. Ulikuwa unacheka, Mama Muna. Nikaogopa nikisema si mimi, utaacha kucheka."

Hasira ninayo, na huruma ikanijia bila kuitwa, jambo lililonikasirisha zaidi.

"Shemeji," Swaibu akauliza taratibu, "soksi ilishuka kweli? Mimi sikujua."

"Ilishuka. Ya kushoto." Nikamwambia Himid, "Futa hapo. Andika Swaibu."

"Lakini Mama Muna, huwezi..."

"Mwalimu, mimi niliona. Wewe ulikuwa umeupa mpira mgongo, unagombana na refa."

Himid akafuta. Taib akainuka bila kuambiwa, akakusanya sahani, akaenda jikoni kuziosha. Nikamwacha aoshe zote, na masufuria.