Waifai ya Kitinda

Asubuhi ya Jumamosi Fundi alikaa ukingoni mwa kitanda cha mama yake, bisibisi ndogo mdomoni, skrubu za laptopu amezikusanya kwenye kisahani cha chai zisije zikapotelea kwenye zulia. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, miwani imemshuka puani, akimtazama kwa jicho la mtu aliyekwisha kucheleweshwa na mafundi wengi.

"Isije ikakufia mkononi, Fundi. Hiyo ni ya Kitinda."

Mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu ya kibanda chake cha kutengeneza kompyuta, na mama yake naye akamwita hivyo hivyo. Jina alilompa mwenyewe siku alipomzaa lilikuwa halijasikika ndani ya nyumba ile kwa miaka. Kitinda, mdogo wake, alikuwa ughaibuni, safari ya ndege mbili na kulala uwanjani katikati. Huyo ndiye Mama aliyemwita babangu, roho yangu, kipenzi changu, na kila neno tamu lililokuwa karibu na ulimi.

Laptopu ilikuwa imezeeka. Kitinda aliiacha alipohama, imejaa virusi, ukiiwasha unaweza kwenda kuoga ukarudi bado inajikuna. Fundi aliifuta yote akaiwekea Linux, mfumo mwepesi wa bure, kama alivyozoea kuwafanyia wateja wenye mashine zilizochoka, nayo ikaamka vizuri. Kasoro ilikuwa moja tu, waifai. Hilo halikumtisha, maana ndiyo malalamiko ya kila siku kibandani. Zipo kadi za waifai ambazo Linux haizijui mpaka uzitafutie draiva, ile programu ndogo inayoufundisha mfumo kuongea na kadi.

Alifungua dirisha jeusi la amri, akaiuliza mashine ina kadi gani. Ikamjibu. Akaiuliza draiva iko wapi. Ikasema haipo. Akachomeka simu yake kwa waya, akaishusha draiva, akaiweka, akaiwasha mashine upya. Kitaa cha buluu kikawaka pembeni.

"Haya, Mama. Shika."

Akampakatisha. Orodha ya mitandao ikafunguka, na ndani yake ulikuwemo mtandao mmoja peke yake: KITINDA. Vistari vyote vya nguvu vilikuwa vimejaa.

Fundi aliinua macho ukutani. Ruta yake, kile kisanduku cha kurusha waifai, ilikuwa palepale, juu kidogo ya kichwa cha Mama, inapepesa taa zake. Jina la mtandao wake lilikuwa FUNDI. Aliipigilia chumbani humo makusudi ili Mama apate mawimbi yaliyo bora, yeye na mkewe kule chumbani kwao wakiambulia makombo. Kwenye orodha FUNDI haikuwemo.

"Si nilikwambia haijaharibika," alisema Mama. Mashine ikadai neno la siri. Mama akaandika kwa kidole kimoja, tarakimu baada ya tarakimu, bila kumuuliza mtu. Ikamkubalia.

"Umeandika nini?"

"Siku aliyozaliwa. Angeweka nini kingine?"

Fundi akajikuta anauliza jambo ambalo hakukusudia kuliuliza. "Na mimi nilizaliwa lini?"

Mama alifikiri. "Wewe ulikuwa wakati wa mvua," alisema. "Nguo zilikuwa hazikauki."

Jikoni, mkewe alikuwa anakata vitunguu. Fundi alisimama mlangoni na kisahani chake cha skrubu.

"Mama ameshika waifai ya Kitinda."

"Ya kulekule ughaibuni?"

"Ya kulekule."

"Ina kasi?"

"Kuliko yetu."

"Basi mwache aitumie, na sisi tupumue," alisema mkewe, akaendelea na vitunguu.

Lakini Fundi hakuweza kupumua. Wivu ulikuwa umemkaba. Tuseme ukweli, haukuanza siku hiyo. Aliyempeleka Mama kliniki na kumngoja kwenye benchi alikuwa yeye. Aliyeamka kumtafutia dawa ya kifua, yeye. Aliyeziba paa lilipovuja juu ya kitanda chake, yeye pia, akaanguka na ngazi. Kitinda hajawahi kubadilisha hata balbu, lakini balbu ikiungua Mama huvuta pumzi akasema, "Kitinda angekuwepo." Fundi, akiwa juu ya kiti na balbu mpya mkononi, hulisikia vizuri sana.

Akaamua kwamba huu ni ubovu, na ubovu una dawa yake. Alikuwa na desturi moja ya kazi ambayo haivunji: badilisha kitu kimoja, jaribu, kisha ndipo uguse kingine. Ukibadilisha viwili kwa mpigo, hutajua mkosaji alikuwa nani.

Akaanza na ruta. Ilikuwa kwenye chaneli ya juu, na zipo kadi zisizosikia chaneli za juu, akaishusha. Mama akapakata: KITINDA. Akazima ule utaratibu wa kadi kulala ili kutunza betri. KITINDA. Akaondoa draiva, akaweka ya zamani zaidi, akaweka na ya mwaka huu. KITINDA. Akafungua mgongo wa mashine, akachomoa vile vinyaya viwili vya antena, cheusi na cheupe, akang'oa kadi yenyewe akapachika nyingine iliyotoka kwenye laptopu ya mwalimu mmoja ambaye hakuwa na undugu wowote na Kitinda. Kadi ya mwalimu ikawaka, ikatazama huku na huku, ikaleta KITINDA.

Kibandani mashine hiyohiyo ilishika kila kitu: waifai ya kinyozi, ya duka la dawa, ya shule, hata ya jirani mmoja aliyeipa mtandao wake jina la tusi. Nyumbani, ikiwa juu ya meza ya Mama, ilishika zote za mtaa, na FUNDI ikiwa ya kwanza. Ilipotua mapajani mwa Mama, majina yote yaliondoka yakabaki moja. Fundi akabadilisha laptopu nzima. Akabadilisha kiti. Akamwomba Mama ahamie upande wa pili wa chumba, na Mama akahama akilalamika magoti. Alipokwisha kubadilisha kila kinachobadilishika chumbani mle, kilibaki kitu kimoja ambacho hakuwa amekibadilisha, na hicho kilikuwa kimevaa kanga na miwani na kinamuuliza kama amemaliza. Akarudisha skrubu mahali pake.

"Ubovu nimeuona," alimwambia mkewe.

"Unatengenezeka?"

"Hapana."

Mambo yakaenda hivyo, na nyumba ikayazoea. Mama aliongea na Kitinda akiuona uso wake bila kukatika hata mara moja. Alipobonyeza kuchapisha picha za wajukuu, zilichapika kwenye printa ya sebuleni kwa Kitinda, na Kitinda alizikuta kwenye zulia alipotoka kazini. Walikuwa watoto wa Fundi, katika sare mpya za shule. Kitinda alipiga simu kuuliza hao ni akina nani.

Ulipofika mwisho wa mwezi akampigia kaka yake.

"Kaka, kuna mtu kwenye waifai yangu. Nikiangalia nani ameunganishwa, inaandika Mama."

"Ni Mama."

"Sawa, lakini mpira unanikwama, bwana. Jana tumefungwa goli na sijaliona."

"Ni Mama yako, Kitinda."

"Najua. Nasema tu inakwama."

Siku ya pili yake, Mama alipopakata mashine, KITINDA ilikuwapo na vistari vyake vyote, ila ilikuwa imemtoa, na kufuli dogo pembeni likidai neno la siri upya. Aliandika tarehe. Ikakataa. Akaivaa miwani vizuri, akaandika tena.

Fundi alifurahi. Ndiyo, alifurahi, na wala hakujificha, alipiga mluzi njia nzima hadi kibandani. Alijiambia sasa mashine itakosa pa kwenda, itageuza shingo, itaiona ruta iliyokuwa ikipepesa taa juu yake muda wote huo. Jioni aliingia chumbani kwa Mama na kikombe cha chai, akachungulia kwa nyuma ya bega lake. KITINDA, na kufuli. Mama alikuwa bado anaandika.

Kesho yake vilevile, na siku zilizofuata. Mama alijaribu tangu baada ya kifungua kinywa hadi jua linapohama dirishani. Chakula alikirudisha nusu, baadaye kikarudi kizima. Mkewe Fundi alimpikia uji, akamsihi kwa vijiko. Fundi alimtazama Mama akiifuata tarehe kwa kidole, tarakimu baada ya tarakimu, na ule mluzi ukamkauka.

Akampigia mdogo wake.

"Umebadilisha paswedi?"

"Nilikwambia ilikuwa inakwama."

"Mrudishie."

"Kaka, si una waifai hapo nyumbani? Muunganishe kwako."

Fundi alikuwa na majibu mengi, mengine hayafai kuandikwa. "Kwangu hashiki," alisema.

"We si fundi?" Kitinda akacheka kidogo, kisha kuna mtu akabisha hodi mlangoni kwake, akakata simu.

Mchana huo Mama alimwita. Alikuwa ameiweka mashine sakafuni, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, na mikono yake ilikuwa imelala mapajani pale ilipokuwa mashine.

"Fundi, nataka nikuulize, usinicheke."

"Sicheki, Mama."

"Kitinda alizaliwa lini?"

Fundi alimtajia.

"Ndiyo ninayoandika," alisema Mama. "Inasema siyo. Nafikiri nimeisahau. Nafikiri kichwa ndiyo kinaondoka, nimeanza na siku ya mwanangu." Alilia bila sauti, akajifuta na upindo wa kanga. "Mama gani anasahau siku ya mwanawe?"

Fundi alitazama dirishani. Nje kulikuwa na nguo kwenye kamba, zimekauka. Angeweza kumwambia kwamba kichwa chake ni kizima, kwamba aliyeweka kufuli ni yuleyule anayemwita roho yangu, kwa ajili ya mpira. Neno lilifika hadi kwenye meno. Lilikuwa neno la kweli na alikuwa na haki nalo. Akalimeza.

"Ni hitilafu tu, Mama. Nipe dakika chache."

Alikaa kwenye ngazi ya nyuma na laptopu yake ya kazi, akaingia kwenye mipangilio ya ruta. Penye jina palikuwa pameandikwa FUNDI. Alifuta herufi moja moja kutokea mwisho, akaandika KITINDA. Penye neno la siri akaweka siku ile aliyotoka kumtajia Mama. Alijua jambo ambalo kila mtu wa kazi yake analijua, kwamba mashine ikikuta mitandao miwili yenye jina moja huichukulia kuwa mmoja, na hujiunga na ule ulio karibu. Akabonyeza kuhifadhi. Ndani, taa za ruta zikazimika, zikawaka tena.

Aliiokota laptopu sakafuni, akampakatisha.

"Jaribu sasa."

Mama aliandika tarehe, polepole, midomo ikitaja kila tarakimu. Kufuli likaondoka.

"Sikuisahau," alisema.

"Hukuisahau."

"Nilijua tu atanifungulia. Yule hawezi kuniacha nje, yule." Alikuwa ameshabonyeza kupiga, na uso wa Kitinda ukajaa kwenye kioo, safi, umeshangaa kidogo.

"Mama? Umeingiaje?"

"Si umenifungulia, babangu."

Macho ya Kitinda yalihama kutoka kwa Mama yakaenda pembeni, kwenye bega la kaka yake lililoonekana nusu, kisha yakarudi.

"Ndiyo, Mama," alisema. "Usijali."

"Mungu akuzidishie. Nilikuwa siwezi hata kula. Fundi, hebu inama uonekane. Mshukuru mdogo wako."

Fundi aliinama. Kwenye kioo alijiona kwenye kidirisha kidogo cha chini, na juu yake mdogo wake, mkubwa, anangoja.

"Asante, Kitinda," alisema.

"Pamoja, Kaka."

Waliongea kwa muda mrefu, Mama na Kitinda, kuhusu baridi na viatu vya baridi. Picha haikukwama. Mkewe Fundi alikuja mlangoni na simu yake mkononi.

"Mbona FUNDI siioni?"

"Haipo. Ingia KITINDA, kwa siku yake ya kuzaliwa."

Mkewe alimtazama, akaitazama ruta, akamtazama Mama anavyocheka. Kisha akaandika tarehe kwenye simu yake na kurudi jikoni kupasha chakula, kwa sababu Mama alikuwa ameomba chakula.

Fundi alipokuwa anakusanya bisibisi zake, Mama alifunika kipaza sauti cha laptopu kwa kiganja.

"Na hicho kidude chako cha ukutani kiondoe," alimwambia kwa sauti ya chini, asimsumbue Kitinda. "Hakijawahi kunisaidia kitu, kazi yake kunipepesea taa machoni."

"Kikae tu, Mama. Nitakifunika."

Alivuta kiti, akapanda. Akakata utepe mweusi wa umeme vipande vidogo, akabandika kimoja kimoja juu ya taa za ruta mpaka hakuna hata moja iliyoonekana. Ruta ilikuwa na joto, kama inavyokuwa ikifanya kazi. Aliposhuka, Mama alikuwa anamweleza Kitinda kwamba chumba sasa kimetulia, na kwamba balbu nayo imeanza kufifia, laiti angekuwepo.