Mkwaruzo Chini ya Mtutu

Jumamosi saa saba na nusu, garage ikiwa imeshafungwa, Baudouin alitandika magazeti matatu juu ya meza ya kazi, akalaza bunduki yake hapo, akaanza kuifuta grisi. Nje, Umbilo Road, Durban, magari yalikuwa yanapigiana honi kwa robot, yale mataa ya barabarani. Chacha, Mtanzania anayepiga rangi pale, hakwenda nyumbani. Alikaa juu ya ndoo ya puti, bunny yake, nusu mkate uliojazwa maharage, mkononi, akawa anaangalia.

"Kaka, umesubiri miaka miwili kwa ajili ya huo mti?"

"Mwaka moja na miezi nane."

"Mimi muda huo ningekuwa nimeoa."

"Ungeoa nani?"

"Hilo ni swali lingine," Chacha alisema, akaendelea kula.

Bunduki aliinunua Isipingo, kwa mzee mmoja Mhindi anayeuza silaha za jeshi za zamani, zile serikali zimechoka nazo. Ilikuwa three-o-three ya vita ile ya kwanza ya Wazungu, four thousand two hundred rand, na mzee hakushusha hata kidogo. Alisema ilirudi na meli kutoka Tanganyika vita ilipoisha, ikalala ndani ya kasha miaka mia, grisi imeganda juu yake rangi ya asali iliyoungua. Ikabaki dukani wakati Baudouin anafanya mtihani wa cheti, anafunga sefu kwa ukuta, polisi anakuja kuitikisa ile sefu kama imeshika, leseni inasubiriwa. Kila mwisho wa mwezi alipanda taxi mpaka Isipingo kwenda kuitazama. Mzee alimtolea bunduki, akamtolea na kiti, akarudi kwa wateja wengine. Baudouin alimshukuru kila mara, maana hakuna mtu mwingine Durban alikuwa anamtolea kiti.

Hakutaka kupiga kitu. Kwao Uvira, Congo, aliacha shule darasa la sita, na tangu hapo bunduki aliziona upande wa mbele tu. Alitaka kushika moja upande wa nyuma. Baada ya miaka kumi na tano ya kupanga laini ya makaratasi alipata permanent, kibali cha kuishi siku zote, na mwenye permanent anaruhusiwa kuomba. Siku leseni ilitoka, mke wake Laurette alipika pondu, yale majani ya muhogo, na samaki, wakaomba, wakashukuru Mungu, wakala. Laurette alisema kitu kimoja tu, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Papa Héritier, ile kitu isiingie kwangu na uchafu."

Ndiyo maana alikuwa anaisafishia garage.

Kazi ya panel beater, fundi wa kunyoosha bodi za magari, iko na sheria moja ya kweli: ukipaka rangi juu ya uchafu, gari inarudi. Hata upake vizuri namna gani, miezi sita mbele rangi inavimba na mteja anakuja na matusi. Kwa hiyo Baudouin hakufuta nje tu. Alifungua skrubu, akatoa ubao wa juu, akanyanyua mtutu. Alimwaga maji ya moto ndani yake, akapitisha kamba yenye kitambaa mara ishirini, mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Halafu akaangalia ubao wa chini. Ndani ya ule mfereji ambamo mtutu unalala, iko mikwaruzo. Ilikuwa imekatwa kwa msumari au kitu kama msumari, mstari mmoja, urefu wa kidole.

Mikwaruzo ndiyo ilikuwa inamlisha. Miaka tisa alikuwa anaamka kwenda kuiondoa. Alichukua msasa bila kufikiri, akaanza upande wa kulia, akasugua.

Alisugua dakika mbili hivi. Kisha mtu akakohoa.

Alikuwa amesimama kati ya compressor na mlango wa Toyota, peku, blanketi limefungwa begani. Upande wa kushoto alikuwa kamili. Upande wa kulia alikuwa kama gari iliyopigwa coat moja ya praima, unaona mpaka nyuma. Kupitia bega lake Chacha aliweza kusoma kalenda ya duka la matairi.

"Samahani, mwanangu," alisema yule mtu. "Naomba usisugue hapo."

"Iko nini hapa?"

"Jina langu."

Baudouin akaweka msasa chini. Chacha akameza alichokuwa anatafuna.

"Nilitaka kukwambia uanze na nje," Chacha alisema.

"Hukuniambia kitu."

"Nilitaka."

Baudouin alipeleka ubao dirishani, akausoma polepole, kidole juu ya kila herufi. Ilikuwa imeandikwa KABE. Baada ya hapo ubao ulikuwa laini, kazi safi kabisa, mteja yeyote angelipa.

"Kabe," alisema.

Yule mtu alitega sikio. "Halafu?"

"Halafu hakuna, muzee. Nimesugua."

Kwa sura alikuwa kijana wa miaka ishirini na tano, mdogo kwa Baudouin. Kwa miaka alikuwa babu ya babu. Baudouin aliamua muzee, na Chacha akafuata.

Wakamvutia kiti, wakawasha birika. Chai alikunywa, nayo ilionekana ikishuka. Akaeleza. Alikuwa mpagazi. Alichukuliwa Ujiji, akabeba makasha ya bunduki kichwani mpaka karibu na Lindi, na jioni alimsaidia fundi wa jeshi kuzisafisha. Kuzifungua aliruhusiwa, kuzifuta aliruhusiwa, kuweka kitako begani hapana. Hiyo ilikuwa viboko ishirini na tano. Jina lake hakuna aliyeliuliza. Walimwita wewe. Rafiki yake mmoja, kijana wa misheni, alijua herufi. Yeye ndiye aliyelichonga, mahali pale.

"Nilimwambia, mbona unaficha? Akaniambia, askari anashika nje. Anayefika ndani ni anayesafisha, na anayesafisha ni mwenzetu. Atasoma."

"Halafu?" Chacha aliuliza.

"Halafu tumbo lilituua wote wawili, wiki moja. Tukalazwa shimo moja na wengine, shimo refu." Alipuliza chai. "Huko tuliko, mtu wa duniani akitaja jina lako lote, mara moja tu, unakwenda kwenu. Wengi wameshatajwa. Mimi nilikuwa na langu humu ndani, nikawa nasubiri mtu asafishe."

"Si ulitaje mwenyewe?" Baudouin alisema. "Tutajie, mimi nalisema sasa hivi."

"Limetoka na vumbi. Nalisikia lipo, lakini kinywani halifiki."

Chacha alishuka kwenye ndoo, akafagia vumbi lote la ubao kutoka juu ya magazeti, punje kwa punje, akalitia ndani ya kiberiti. Wakalichanganya na gundi, wakajaza pale palipopungua. Palijaa vizuri. Herufi hazikurudi. Bega la muzee lilibaki vile vile, isipokuwa kalenda sasa ilisomeka kwa shida.

"Kidogo imesaidia," alisema muzee. "Ahsante."

Jumapili baada ya misa Laurette alikuja na wanawake watatu wa salon yake ya Overport. Alikuwa ameshaelezwa. Alimsalimia muzee kwa mikono miwili, akampa sahani ya fufu, akamtazama mume wake.

"Papa Héritier. Mtu anaandika jina, wewe unaona mukwaruzo."

"Ni kazi, mama."

"Ni kazi," alisema Laurette, akakaa.

Wale wanawake walikuja na majina. Mmoja alikuwa wa Kalemie, mmoja wa Bukavu, mmoja aliyeitwa Tina alikuwa wa Kigoma, na kila mmoja alipiga simu kwao kuuliza wazee. Waliyataja moja moja, na muzee akayajaribu kama mtu anayejaribu viatu.

"Kabemba?"

"Inanibana."

"Kabeya?"

"Hiyo ya mtu mrefu."

"Kabera?"

"Huyo nilimjua. Alikula chakula changu Tabora."

"Kabengele?"

Muzee alifumba macho. "Hapana," alisema. "Lakini ni jina zuri, mshukuruni mwenyewe."

Walifika majina arobaini na moja. Hakuna lililomkaa. Wanawake wakamwomba radhi, yeye akawashika mikono mmoja mmoja, wa kulia ukipita kidogo ndani ya mikono yao. Alisema tangu Ujiji hakuna mwanamke aliyekaa chini kwa ajili yake.

Jumatatu Baudouin alipiga simu Isipingo. Patron, mwenye garage, alikuwa Joburg wiki nzima kutafuta vipuri, kwa hiyo hapakuwa na wa kumkemea. Alimweleza yule mzee Mhindi mambo yote. Mzee alisikiliza, akasema watu wengi wanakosea kupiga msasa ubao wa zamani, alipaswa kumwonya, kosa ni lake pia. Akasema anamjua mtu mwenye kopi za vitabu vya jeshi vya vita ile. Kila kitu kiliandikwa, Wazungu wale walipenda kuandika. Alichukua namba ya bunduki.

Siku nne zilipita. Muzee alilala kwenye kiti cha nyuma cha Mazda iliyokuwa inasubiri bampa. Mchana alimwonyesha Baudouin jinsi fundi wa jeshi alivyokuwa akifanya: mafuta matone mawili, si zaidi, kitambaa cha pamba, na ubao unapakwa mafuta kwa kiganja kitupu mpaka kiganja kiwe cha moto. Baudouin alipaka. Ubao ulitoka mwekundu kama udongo wa kwao. Alikuwa hajawahi kufundishwa kitu bila kutukanwa, na alimwambia hivyo.

"Na mimi sijawahi kufundisha," alisema muzee. "Tumeanza pamoja."

Ijumaa mzee wa Isipingo alipiga. Baudouin aliweka spika ili wote wasikie.

"Bunduki yako iko," alisema mzee. "Namba yake kamili, tarehe iliyotolewa, tarehe iliyorudi. Hata ufa mdogo kwenye kitako wameandika."

"Na watu?"

"Maafisa wapo. Askari wapo. Nyumbu wapo, kwa majina. Iko nyumbu anaitwa Duchess, amekufa Kilosa, wameandika na ugonjwa."

"Wapagazi?"

Karatasi zilisikika zikigeuzwa. "Wapagazi, mia sita na kumi na moja."

"Majina, baba."

"Mia sita na kumi na moja," mzee alirudia. Akasema pole, akasema bunduki ikihitaji chochote aje, hatamlipisha, akakata.

Muzee alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti. Chacha aliangalia ndoo yake. Baudouin alisimama mbele ya muzee. Siku sita alikuwa na maneno tumboni, sasa yakatoka.

"Ulisubiri miaka mia mtu afike ndani. Nimefika mimi, nimekufuta. Ningejua kusoma kwa macho badala ya kidole, ningeliona. Nisamehe, muzee."

"Wangapi waliishika hii bunduki?" aliuliza muzee.

"Sijui. Wengi."

"Walifuta nje. Wewe ulifungua." Alifikiri kidogo. "Nusu ya jina si kitu kidogo. Ukiniita Kabe, nageuka. Zamani nilikuwa nageuka kwa kupigwa jiwe. Nakushukuru, mwanangu, na sisemi ili ujisikie vizuri."

Baudouin alichukua patasi ndogo, akazidisha kina cha zile herufi nne ili msasa wa mtu mwingine usizifikie. Mbele ya herufi aliacha nafasi. Akarudisha mtutu, ubao wa juu, skrubu zote. Alikoki mara tatu, akatazama ndani kuhakikisha ni tupu, akageuza bunduki, kitako kikatangulia.

"Shika."

"Kisheria hana leseni," Chacha alisema.

"Kisheria hayupo."

"Basi sawa."

Muzee Kabe aliweka kitako begani, bega lile la kulia, jembamba. Kitako kilikaa, hakikupita. Alielekeza mtutu kwenye ukuta wenye mikebe ya rangi, akafunga jicho moja, akakaa hivyo muda mrefu.

"Upande huu ni mwepesi," alisema. "Siku zote nilidhani huku ndiko kuna uzito." Akamrudishia Baudouin, akamshukuru tena. Baudouin naye akamshukuru, na Chacha, ambaye hakuwa ametoa wala kupewa kitu, akawashukuru wote wawili.

Jumatatu iliyofuata Patron Apollinaire alirudi. Yeye mwenyewe alifika Durban mwaka 2003 na viatu vya kuazima, akalinda magari ya watu kwa mvua, na wote pale walimheshimu kwa hilo. Alimkuta muzee anafagia. Alimtazama kwa mbele, akatazama compressor kupitia kwake.

"Huyu nani?"

"Kabe," alisema Baudouin. "Hana pa kwenda, Patron. Jina lake limeharibika, mimi ndiye niliharibu."

"Iko na papers?"

"Hana."

"Anajua kazi?"

"Anajua kusafisha kuliko mimi."

"Sawa, abaki. Aanze na kusugua."

Patron alifungua daftari la zamu, akaandika watu wa siku ile, akalitundika kwenye msumari wake karibu na choo. Muzee Kabe hakujua herufi. Alimwomba Baudouin amsomee.

Baudouin aliweka kidole. "Hapa ni mafundi. Baudouin. Chacha." Akashuka mstari. "Hapa ni wasaidizi. Moja."

"Moja ni mimi?"

"Ni wewe, muzee."

"Ahsante," alisema Kabe, akachukua msasa, akauliza waanze na mlango upi.