Kofi Moja kwa Magari Mawili

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne Agosti. Tangu alfajiri upepo ulivuma kwa hasira, na kufika saa nne asubuhi kila gari katika maegesho ya soko lilikuwa limepakwa vumbi jekundu, la maskini na la tajiri sawasawa.

Dereva wa shule ya chekechea alipakia maboksi yake ya chaki, akaomba safari njema kama kawaida yake, akawasha gari. Akasikia kofi moja nyuma. Pa! Akarudi nyuma.

Pale sokoni kila dereva alijua lugha ya mlinzi wa maegesho, na ndiyo maana walimwita Mzee Kofi. Akipiga gari kofi moja, njoo. Akipiga mawili, simama. Watu walimwamini mpaka vioo vyao vya kutazamia nyuma vikabaki kuwa vya kupakia mafuta ya midomo.

Kilichofuata ni kishindo. Gari jeupe lililokuwa likitoka safu ya pili lilikuwa limegongana na lake, mgongo kwa mgongo, na vioo vya taa za nyuma vilikuwa vimemwagika chini.

"Wewe mama, hayo ni macho au vifungo?" alifoka mwenye gari jeupe, akishuka na tai yake begani. "Unajua mimi ni nani?"

"Nakujua sana. Wewe ndiye daktari wa meno uliyemng'oa dada yangu jino zima ukamwachia bovu!"

Watu wakaangua kicheko. Dereva hakucheka. Trafiki hawakuwa wakija pale kwa ajali ndogo kama hizo. Atakachoandika msimamizi wa maegesho ndicho kitakachokwenda kwa mwenye shule. Na mwenye shule alishamwambia, tangu siku ile alipokwaruza geti: kosa jingine, ufunguo mezani. Miaka sita ya kazi ilikuwa imelala chini pamoja na vioo vile.

Msimamizi, mwanamke mfupi asiyependa kelele, alifungua daftari. "Mzee Kofi, ulimruhusu nani?"

Mlinzi alimtazama daktari, akatazama ardhi. "Daktari. Huyu dada alitoka tu mwenyewe."

Damu ilimpanda dereva kichwani. "Mzee! Kila Jumanne nakuamkia kama baba yangu, leo unanizika mchana kweupe? Kwa sababu yeye ana tai?"

Alifunga macho. "Mungu, nishikie ulimi," alinong'ona. "Mikono nitajitahidi mwenyewe."

Alipoyafungua, aliiona. Kwenye vumbi, nyuma ya gari lake, palikuwa na alama ya kiganja, safi kama muhuri. Vidole vinne. Kidole kidogo hakikuwapo. Akakimbilia gari jeupe: kiganja kilekile, vidole vinne vilevile.

"Leta mkono wako, mzee."

Mzee Kofi akauficha mgongoni. Hakuna asiyejua kwamba kidole chake kidogo kilibaki kwenye mashine ya kukoboa, zamani.

"Leta mkono, nimesema!"

"Basi, mwanangu, basi," alisema mlinzi. "Nilimpigia daktari. Nikamwona bado anahangaika na mkanda, nikageuka nikakupigia na wewe. Sikujua ameshaufunga."

"Kumbe kosa ni lake!" alisema daktari haraka.

"Lake kabisa!" alisema dereva. Hapo tu ndipo walipopatana.

Msimamizi aliokota kipande cha taa. "Kofi halishiki usukani. Vioo vimeanguka katikati ya njia, kwa hiyo mmetoka pamoja. Mzee nitamwandika. Lakini kati yenu, nani aliangalia nyuma?"

Dereva alijua angeweza kusema "mimi", na hakuna ambaye angembishia. Hasira yote aliyokuwa amewaelekezea wanaume wale wawili ikageuka ikamtazama yeye.

"Sikuangalia," alisema, kama anayetema mwiba.

"Hata mimi," alisema daktari polepole.

Msimamizi akaandika: wote wawili, nusu kwa nusu. Dereva akampigia mwenye shule simu hapohapo, akaweka sauti juu ili asipate nafasi ya kupunguza neno. Alieleza yote.

"Siku ile ya geti," alisema mwenye shule, "uliniambia geti ndilo lililokufuata."

"Ndiyo, mama. Nilikudanganya."

"Ungenidanganya tena leo, ufunguo ningeuchukua. Hao watu wapo?"

"Wapo."

"Basi ahidi kwamba hutarudia, nisikie mimi na wao."

Alimtazama Mzee Kofi, ambaye bado alikuwa ameficha mkono. Hasira haikuwa imemtoka. Akapaza sauti mpaka wauza viatu wakageuka.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu wote, naahidi: gari lenye watoto wa watu halitarudi nyuma tena kwa mkono wa mtu yeyote, kabla sijageuza shingo yangu mwenyewe nikaona."