Uzi ya Vahwere kwenye Fimbo ya Mubelji

Mara ya kwanza Chef Laurent alisema verni ya fimbo, ile vanishi, inangara sana. Mara ya pili akasema haingari. Kati ya ile mara mbili mi sikuigusa ata na kidole. Niliirudisha nyumbani, nikaiweka juu ya kabati siku ine, nikamupelekea vile ilikuwa. Njo vile wakubwa wetu wanajua kazi.

Ni fimbo ya kulobea samaki, ya mianzi, vipande tatu zenye kuingiana kwa bomba ndogo ya shaba. Mubelji moja aliifikisha Kasenyi, pembeni ya ziwa, mbele ya uhuru, na mutu aliyekuwa anamupigia kasia ni baba ya Vahwere, bibi niliyemuoa. Mwaka soixante, ule wa uhuru, Mubelji akakimbia, akaacha fimbo na viatu. Viatu ilioza. Fimbo ikabaki kwa baba mukwe, kisha kwa Vahwere, na tangu Vahwere alikufa, miaka tatu sasa, iko kwangu.

Mi ni fundi wa viti ya mianzi, hapa Bunia, pembeni ya boulevard. Masomo yangu iliishia troisième primaire, lakini mianzi naijua. Chef Laurent, mukubwa wa bureau ya serikali, alikuja kwangu kuazima viti kumi na mbili juu ya sherehe ya cinquantenaire. Miaka makumi tano ya uhuru, bureau yake inatengeneza exposition, vitu ya zamani kwa ukuta, wageni wanatoka Kisangani. Macho yake ikaangukia fimbo.

«Papa Débora! Hii ni objet d'époque, kitu ya zamani kabisa! Itengeneze, tunaitundika katikati kabisa.»

Nilikubali mbio, kwa sababu Vahwere alikuwa anasema kila mara: hii kitu si ya kufichwa juu ya kabati, iko ya kuwekwa fasi watu wanapita. Franga sikuomba. Niliomba kitu moja tu, nikaisema mara mbili juu asiseme kesho hakusikia: ile uzi ya buluu ya kipande ya katikati isitolewe.

«Hakuna shida,» akasema. Alikuwa anahesabu viti.

Ile uzi ni ya nyavu, nailoni. Mwezi ya tano, mwaka deux mille trois, elfu mbili na tatu, Bunia ilipowaka na vita, tulikimbia njia ya Komanda, kwa miguu. Vahwere aliacha sufuria nyumbani, akabeba fimbo. Nikamupigia kelele mupaka Marabo: «Unaacha chakula, unabeba mutego ya Mubelji?» Akanijibu, «Sufuria iko soko yote. Hii iko wapi?» Kule kambi ya wakimbizi, karibu na Eringeti, tulisimamisha nayo bâche, ile turubai ya nyumba. Upepo moja tu, ikavunjika katikati. Siku ile nilienda kutafuta kuni. Kurudi, fimbo iko nzima, imefungwa na uzi ya buluu, kipimo ya kiganja, uzi umelala kando ya uzi bila fasi ya kupitisha kucha. Alilelewa na wavuvi, mikono yake ilijua. Ilisimamisha nyumba yetu miezi ine.

Nilifanya kazi juma mbili. Verni ya zamani niliikwangua na kipande ya chupa, polepole, juu ukikaza mukono unaondoa na ngozi ya mianzi. Kipande ya juu ilikuwa imepinda sawa mukia ya mbuzi. Nikaipitisha juu ya makala ya moto, kuipitisha tu, hapana kuiacha, mupaka ikatoa jasho ya mafuta, nikainyoosha kwa goti, nikaishika vile mupaka ikapoa. Shaba niliisugua na ndimu na majivu. Fasi ya kushikia ilikuwa ya liège, ile ya vizibo, mende walikula yote. Nikaenda kuomba vizibo ya mvinyo kwa mupishi wa restaurant fasi wazungu wa MONUC, wale wa Umoja wa Mataifa, wanakunywa. Akanipa mufuko nzima. Wale watu wanakunywa! Nikatoboa vizibo kumi na moja, nikazipanga, nikazishika na gundi, nikazichonga mupaka ikakaa laini mukononi. Pete za kupitishia kamba nikazifunga na uzi nyekundu. Uzi ya buluu sikuigusa.

Kisha ikaanza. Verni inangara. Verni haingari. Mara ya tatu, secrétaire wake, Valérie, akanionyesha picha kwa ordinateur, kompyuta yake, fimbo ya Ulaya.

«Muzee, chef anataka iwe sawa hii.»

«Hii iko na rangi ya kijani.»

«Basi kijani.»

Mara ya ine hakuna kijani tena, chef amefikiri. Na kila mara ni kungoja kwa banc, kuanzia saa mbili mupaka saa sita, chef iko kwenye réunion, mukutano yake. Réunion ya nini? Barabara ya Gety imekufa, kule watu wangali wanalala na viatu miguuni, tayari kukimbia, siye tunasema amani imerudi, na wao wako kwenye réunion ya verni.

Mara ya tano Chef Laurent aliitia macho vizuri. Akaweka kidole kwa buluu.

«Hii itoke.»

«Tulisemezana, chef.»

«Papa Débora, nisikilize vizuri. Plastiki haikuwa kwa wakati ya Wabelji.»

«Haikuwa. Na weye haukuwa.»

Valérie akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Chef akafunga mulango.

«Nani aliifunga?»

«Bibi yangu. Mu kambi.»

«Umeona? Njo shida. Mugeni atauliza, utasema kambi, kambi inaleta vita, vita inaleta nani alianza. Instruction iko: mambo ya vita hapana kuonekana. Ni sherehe.»

«Miaka makumi tano yote mutaonyesha nini basi?»

«Utamaduni,» akasema. «Siku ya tano asubui, bila ile plastiki. Kama hapana, ibaki kwako. Niko na ngoma kumi za kutundika.»

Nilifika nyumbani nikiwa na hasira ya kutosha kuchemsha maji. Débora, binti yangu, anauza samaki ya kukauka ya Kasenyi, alikuwa anapanga bei na wenzake kwa simu. Akaikata.

«Amesema nini leo? Iwe na magurudumu?»

Nikamwambia.

«Papa, itoe tu.»

«Ni kazi ya mama yako!»

«Najua ni kazi ya mama yangu. Lakini mama alitaka ionekane. Juu ya kabati nani anaiona? Weye na panya.»

«Wanataka kumufuta.»

«Wanataka kunywa Fanta na kupiga picha, Papa. Fimbo nzima ni yake. Uzi ni kidogo tu. Utashika kidogo, utapoteza yote, vile unafanyaka.»

Vile nafanyaka! Nikakaa siku mbili bila kumusemesha, naye akapika sawa kawaida, hakuna aliyeona kama nimekasirika. Siku ya ine, mchana, nikaketi uwanjani na wembe. Nilisema sitakata, nitafungua, nitaikunja na kuiweka mufukoni. Lakini ncha ya uzi sikuiona. Aliiingiza chini ya zile zingine, fundi mukubwa haioni. Nikakata moja, ya mwisho, na ingine zikaanza kuachana zenyewe. Uzi ilikuwa murefu, murefu, ilijaa mapajani yangu.

Chini yake kulikuwa chuma.

Nilifikiri ni bati. Nikaigeuza kwa jua. Ilikuwa mukono ya kijiko. Kijiko ya aluminium, alikata kichwa, akaipiga na jiwe mupaka ikakunjama kufuata muviringo ya mianzi, akailaza juu ya fasi ilivunjika, njo akafunga uzi. Uzi peke yake haingeweza kushika bâche. Mi fundi, ningepaswa kujua ile miaka yote.

Tulikuwa na vijiko mbili. Yake na yangu. Juma ile ile fimbo ilivunjika aliniambia kijiko yake imebebwa na maji akisafisha sahani. Nikamugombeza mbele ya majirani: mwanamuke gani anapoteza kijiko wakati hatuna kitu? Miezi ine, tukipewa maharagi, alikuwa anangoja nimalize, njo anachukua yangu, anaisafisha, anakula yake ikiwa imepoa. Na mi nilikuwa nakula polepole.

Débora alinikuta pale. Akaangalia, akaelewa mbio kuliko mi. Akaketi chini, beseni ya samaki bado kichwani.

«Papa, irudishe.»

«Ulisema itoke.»

«Nasema irudishe.»

Nikajaribu. Mara ya kwanza ikateleza. Mara ya pili ikapandana. Mara ya tatu Débora akashika upande moja, tukagombana juu ya kukaza. Ya ine ikakaa, lakini uzi haikulala vile alivyoilaza, na ile niliyoikata ikawa fupi. Katikati ikabaki wazi, upana ya vidole mbili, na pale kijiko inaonekana. Ilikuwa kazi mbaya. Kama ni kiti, nisingeiuza.

Siku ya tano asubui nikaipeleka. Chef Laurent iko kwenye suti, jasho tayari, wageni wanaingia saa ine. Katikati ya ukuta misumari mbili, tupu, na chini yake karatasi imeandikwa tayari, kubwa, na jina ya bureau na jina ya chef.

«Nilisema nini?» Sauti yake ikapanda. «Nilisema nini! Ilikuwa mubaya, umeizidisha! Hii chuma ni ya nini?»

«Inashika.»

«Papa Débora, unataka nifukuzwe kazi?»

«Kama uko na ngoma, tundika ngoma.»

Akaangalia misumari. Akaangalia saa. Nje motokari zilikuwa zinafika. Akaninyanganya fimbo, akailaza juu ya misumari, akaizungusha mupaka upande ya kijiko ikaangalia ukuta. Buluu ikabaki musitari mwembamba tu. «Simama kule nyuma,» akaniambia. «Usiseme kitu.»

Nikasimama kule nyuma. Kukaa wapi? Viti yangu kumi na mbili ilijaa. Wakubwa ya mbele, wakubwa ya pembeni, commandant moja wa zamani ambaye sasa ni mubunge, anaitwa honorable, mufanyabiashara ambaye kila mutu anajua alinunua nini wakati ile ya vita, na mama moja wa lunettes, miwani kubwa, mugeni wa Kisangani. Discours, zile hotuba, tatu. Amani mara ngapi, sikuweza kuhesabu. Mulinzi alinisukuma kidogo juu nisiguse pazia.

Discours ya tatu ilipoisha mama wa lunettes akaanza kutembea, anaangalia ukuta. Alipofika katikati alisimama, akasoma ile karatasi yote. Njo miguu yangu ikatoka bila kuniuliza.

«Muzee! Hapana gusa!» Mulinzi huyo.

«Ni mi niliitengeneza, weye!»

Nikashika fimbo na mikono mbili, nikaizungusha. Kijiko ikatoka mbele.

Mama akakaribia. Akatoa lunettes, akarudisha. «Papa, hii ni nini?»

«Réparation technique, madame,» Chef Laurent tayari iko pale katikati yetu. «Réparation provisoire tu, ya muda...»

«Ni kijiko,» nikasema.

«Kijiko?»

«Ya bibi yangu. Fimbo ilivunjika, akakata kijiko yake, akaitia pale. Akanidanganya maji ilibeba.»

Alitaka kucheka, akaona uso yangu, akaacha. «Hakukuwa na kitu ingine?»

«Tulikuwa mu kambi. Tulikimbia hapa Bunia kwa miguu.»

Nyuma yangu nilisikia kiti moja inalia, ile ya commandant, ni muzito. Chef Laurent alinishika mukono juu ya kiwiko, akaukamua.

«Mulikuwa munakimbia nani, papa?» mama akauliza, bila ubaya, sawa mutu anayeuliza njia.

Nikageuka, nikawaangalia moja moja, kuanzia mbele.

«Uliza hawa,» nikasema. «Wako wanaikalia viti yangu.»

Kisha Chef Laurent akapiga makofi mara mbili, akatangaza rafraîchissement, vinywaji, iko tayari uwanjani, na wakubwa wote wakasimama kwa mara moja sawa darasa imesikia kengele. Mama hakuenda mbio. Aliandika kitu kwa kitabu yake kidogo, sijui nini, sikuweza kusoma.

«Tutaongea,» Chef akaniambia kwa sikio.

«Ongeeni. Munajua tu kuongea.»

Akatoka. Mulinzi akaniomba na mimi nitoke. Nilikataa. Nikabaki kusimama pale, mukono juu ya fimbo ili mutu asiizungushe, mupaka Fanta yao ikaisha.